Shangazi Aliyezaliwa Jumanne

Kama kuna kitu kilichowahi kumtoa roho Fundi Herufi kidogo kidogo, kama kuku anayenyonyolewa angali hai, basi ni ile tovuti ya ukoo.

Jina la Fundi Herufi alipewa na watu wa mtaani, kwa sababu tangu ujana kazi yake ilikuwa kuandika mabango: maduka ya dawa, gereji, shule, milango ya vyoo. Ukuta ukimwona anakuja na ndoo yake unajinyoosha wenyewe, ndivyo alivyopenda kusema. Mkono ulipoanza kutetemeka akastaafu brashi, lakini hakustaafu kujifunza. Shule ya jioni ndiyo iliyomtoa katika ujinga akiwa kijana, na uzeeni akarudi huko huko, safari hii kusoma kompyuta. Alikaa dawati la mbele, suruali ina mstari wa pasi, akizungukwa na wanafunzi ambao angeweza kuwazaa wazazi wao.

Alipojua kutengeneza kurasa za mtandao, akatangaza kwenye kundi la familia kwamba atawajengea tovuti. Wote wakapiga makofi. Hakujua kwamba anajipalia makaa.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya namna nyepesi kabisa: kurasa unaziandaa nyumbani, unazipandisha mtandaoni, zinakaa hivyo hivyo kama bango ukutani mpaka uzibadilishe. Tabu ilikuwa kwenye orodha. Kulikuwa na orodha ya watu wote, orodha ya kila nyumba, na orodha ya waliozaliwa karibuni kwenye ukurasa wa mwanzo, na zote aliziandika kwa mkono. Mtoto akizaliwa, anaandika mara tatu. Binti akiolewa, anamtoa huku, anampeleka kule, anasahau kule kwingine. Na simu haikomi.

"Kaka, mbona mtoto wangu yuko nyumbani kwa bibi yake lakini kwenye watu wote hayupo? Amefanya kosa gani?"

"Baba mdogo, umeniandika mara mbili. Mimi ni pacha?"

Aliyezidi wote alikuwa binamu yake, mtu aliyejiteua kuwa katibu wa ukoo bila kikao wala kura, mpaka jina lenyewe likawa Katibu. Huyu hakuandika ujumbe. Alituma sauti ndefu, zenye kukohoa katikati. "Ndugu yangu Fundi, nimepitia kazi yako. Nina mambo machache."

Machache ya Katibu hayajawahi kuwa machache.

"Ungeacha tu," mkewe alimwambia huku akipanga vyombo kabatini. "Kwani zamani ukoo ulikuwa unapotea bila hiyo tovuti?"

"Mama, sijawahi kushuka kwenye ngazi nikiwa nimeandika nusu ya neno."

"Ulishuka mara moja ukaanguka."

"Niliteleza. Kuteleza si kuacha."

Siku moja darasani mwalimu, dada mwenye miwani na subira ya kupindukia, alisimama nyuma yake akimwangalia anavyohamisha majina juu na chini kwa kidole kimoja.

"Mzee, hizi orodha unaziandika mwenyewe?"

"Ulitaka niandikiwe na nani?"

"Orodha haiandikwi, mzee. Inajengwa na kiolezo. Kila mtu mfanyie ukurasa wake. Juu ya ukurasa weka vitu vitatu: jina, tarehe ya kuzaliwa, nyumba anayotoka. Basi. Halafu tengeneza kiolezo kimoja kinachosema: chukua watu wote, wapange kwa tarehe, mkubwa juu, mdogo chini, andika jina na umri. Akizaliwa mtoto unaongeza ukurasa wake tu. Orodha zote zinajipanga zenyewe."

Fundi alimtazama mwalimu kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Hii ni stensili!" alisema kwa sauti, darasa zima likageuka. Kwa miaka mingi alikuwa akikata stensili zake kwenye picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, kwa kuwa plastiki yake ni ngumu na haivimbi kwa rangi. Alikata mbavu za watu wasiojulikana zikawa USIEGESHE GARI. Unakata mara moja, unapaka popote, herufi haitoki kombo. Na huku alikuwa akijisumbua kuchora kila orodha kwa mkono kama mwanagenzi!

Alirudi nyumbani anatembea kama ameongezwa urefu. Jumanne nzima alishinda kwenye chumba chake, kati ya makopo ya rangi yaliyokauka, akitengeneza kurasa za watu mmoja mmoja. Tarehe alikuwa nazo, kwa kuwa alizidai kwa kila mtu mpaka wakamkimbia. Isipokuwa ya dada yake mkubwa. Hiyo hakuwa nayo, na kubahatisha hakutaka. Tangu aanze kazi hajawahi kuandika bango lenye habari ya kukisia. Akaacha pale pa tarehe wazi, akijiambia atamuuliza. Jumatano akapika kiolezo, akakiwasha, orodha ikajipanga mbele ya macho yake kama askari waliopigiwa filimbi. Aliangalia majina ya juu tu, akajiona, akaona wadogo zake wanamfuata, akaridhika. Akapandisha. Akatangaza kwenye kundi. Akaenda kuoga akipiga mluzi.

Alipotoka, simu ilikuwa inalia.

"Haloo, dada. Umeiona?"

"Nimesomewa." Sauti ya dada yake ilikuwa tulivu, na waliomjua walijua kuwa utulivu huo ni wa kuogopwa. "Mkwe wangu amenisomea. Nimesikia nimezaliwa Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Jumanne hii hii. Nimeandikwa wa mwisho kabisa, chini ya kile kitoto cha mpwa wako ambacho kitovu chake hakijakauka. Mbele ya jina langu pameandikwa, umri, mwaka sifuri. Sasa nauliza, mdogo wangu. Nani aliyenikata kitovu? Wewe?"

Fundi alikimbilia kompyuta, taulo kiunoni. Kweli. Programu ilipokosa tarehe ya kuzaliwa haikusema kitu. Ilichukua siku faili lilipotengenezwa, ikaifanya ndiyo siku aliyozaliwa mtu. Dada yake, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, aliyemwogesha na kumpeleka shule, alikuwa kitinda mimba wa ukoo mzima.

"Dada, ni mashine. Pale palikuwa wazi, ikajijazia."

"Kwa nini pawe wazi?"

"Sikuwa na tarehe yako."

"Na hukuniuliza. Sawa. Jumamosi ni harusi ya binti yako. Anayesimama kuongea kwa niaba ya nyumba yetu ni mkubwa wa nyumba. Kwa kuwa mkubwa si mimi, mimi nina siku moja tu duniani, mtafuteni wa kusimama. Mtoto mchanga haendi kwenye umati wa watu. Atapata mafua."

Simu ikakatwa.

Habari ikafika jikoni kabla ya Fundi. Bibi harusi mwenyewe, kitinda mimba wake wa kweli, muuguzi aliyezoea kuwatuliza watu, alikuwa amesimama mlangoni na hakuonekana kutulia hata kidogo.

"Baba, Shangazi asiposimama, mimi siingii ukumbini. Nimesema."

"Nitarekebisha. Ni neno moja tu."

"Basi lirekebishe sasa hivi!"

Mtu akiharakishwa ndipo anapomwaga rangi. Fundi alikumbuka kuwa droo yake ina nakala ya kitambulisho cha dada yake, iliyobaki tangu alipomsindikiza kliniki. Akaitoa. Tarehe ilikuwepo: mosi Januari, kama wazee wengi waliokadiriwa na karani siku ya kuandikishwa. Hilo alilijua. Lakini ni ya serikali, ina muhuri, si ya kukisia kwake. Akaiandika, akapandisha, akapiga simu kwa furaha.

"Dada, tayari. Mwambie mkwe wako aisome tena."

Akasikia minong'ono upande wa pili, mkwe akipitia majina tangu juu.

"Soma tena," dada yake alimwambia mkwe. Akarudi kwenye simu. "Mdogo wangu, wa kwanza ni nani?"

Fundi akatazama. Macho yakamtoka. Karani wa kitambulisho alikuwa amemkadiria dada yake chini mno. Kwa makaratasi, Fundi alikuwa mkubwa kuliko yeye kwa miaka miwili. Jina lake mwenyewe lilikaa kileleni, na dada yake alifuata chini yake kama mkia.

"Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa safari yako," alisema dada yake. "Ungesema tu. Ungesema, dada, nimechoka kuwa mdogo, nataka kukaa juu. Ningekupisha."

"Dada, sikiliza..."

"Na hiyo tarehe yako unayojivunia, unayoiandika kwenye kila fomu, ulipewa na nani?"

Hakungoja jibu.

Usiku ule na asubuhi yake kundi la familia likawa soko. Katibu alituma sauti akisema suala hili linahitaji kamati. Mjomba mmoja akasema bora wapangwe kwa alfabeti, ambapo kwa bahati yeye angekuwa wa kwanza. Shemeji akauliza kama inawezekana umri wake usionekane kabisa. Mpwa akaweka picha ya mtoto aliyevaa nepi kana kwamba ndiye Shangazi, akaifuta haraka, lakini kila mtu alikuwa ameshaiona, na mtu mmoja mwema alikuwa ameshampelekea mwenyewe.

"Mzee, kaizime hiyo tovuti," mkewe alisema. Safari hii hakuwa anatania. "Wifi yangu hajawahi kukosa jambo la nyumba hii. Sitaki aanze kukosa kwa sababu ya kompyuta."

"Nikiizima nitakuwa nimekubali kwamba niliiwasha kwa nia mbaya."

"Basi nenda kwake. Kwa miguu yako. Acha kuongea na kioo cha kompyuta."

Alikwenda. Alivaa shati la mikono mirefu, akaiweka kompyuta kwenye mfuko wake wa zamani wa brashi, akakata mitaa akiwa amechoshwa na wote: karani wa vitambulisho, aliyeandika programu, Katibu na kamati yake. Kwa nini mashine inyamaze inapokosa kitu? Mwanagenzi akikosa rangi anakuja kusema, fundi, rangi imekwisha. Hachovyi brashi kwenye chai.

Lakini kila alipofika kona, swali la dada yake lilimrudia. Ulipewa na nani?

Alimkuta anapiga pasi. Dada yake alikuwa dobi maisha yake yote, na ingawa alishaacha kuchukua nguo za watu, bado alinyoosha za jirani aliyempenda. Chumba kilinukia joto la pamba. Mashuka yalikuwa yamekunjwa kando, kingo zimelingana kama mkate uliokatwa.

"Hodi, dada."

"Karibu, kaka mkubwa." Hakuinua macho. "Kiti hicho hapo. Au nikufutie vumbi kwanza?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Nakupa heshima yako. Iko mtandaoni."

Fundi alikaa. Alitaka kuanza na maelezo aliyoyapanga njiani, kuhusu faili na siku ya faili, lakini kilichomtoka kilikuwa kingine.

"Tarehe yangu ulinipa wewe."

Pasi ikaendelea kwenda na kurudi.

"Siku uliponipeleka shule," Fundi alisema. "Mwalimu aliuliza, mtoto huyu kazaliwa lini, nami nikakutazama. Ukaitaja pale pale, siku, mwezi na mwaka, bila kufikiri. Sikuwahi kujiuliza uliijuaje."

"Nilikuwa nje ya mlango nimeshika ndoo ya maji ya moto," alisema dada yake. "Mkunga akatoka, akaniambia, ni mvulana, leo ni tarehe fulani, na hapa hakuna ajuaye kuandika, kwa hiyo ishike. Nikaishika. Kila asubuhi naisema kabla sijanawa, nisije nikaiangusha." Akaligeuza shati upande wa pili. "Yangu hakuna aliyenishikia. Sina uchungu nayo. Kwani nani aliyekuwepo wa kuambiwa? Lakini usichukue tarehe niliyokutunzia mimi ukaitumia kunikalia kichwani."

Fundi alitoa kompyuta, akaiweka pembeni ya meza ya pasi.

"Nipe nafasi kidogo hapo."

"Usiniunguzie shuka."

Kwanza aliifuta ile mosi Januari. Halafu, badala ya kugusa ukurasa wa dada yake, alifungua kiolezo chenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja, akinong'ona: mtu akiwa na tarehe, mpange kwa tarehe, andika umri. Asipokuwa na tarehe, usijijazie. Mweke juu ya wote, na pale pa umri andika neno moja: Alitangulia.

Akakosea alama moja, ukurasa wote ukawa mweupe. Akatukana kidogo, kwa adabu. Akaitafuta alama, akairudisha. Orodha ikatokea, naye akageuza kioo.

"Wa kwanza ni wewe. Umri hakuna. Soma."

"Nisomee wewe, miwani iko chumbani."

"Alitangulia."

Dada yake alisimamisha pasi wima. Aliangalia kioo kwa muda, midomo ikicheza, na Fundi akajua kuwa anaisoma hata bila miwani. Akapandisha orodha mtandaoni kabla mtu hajabadili mawazo.

Hata chai haijachemka, simu ya Fundi ikalia. Katibu.

"Ndugu yangu, nimeona marekebisho. Nakupongeza. Sasa, kuna jambo dogo. Ile tarehe yangu nahisi haina uhakika. Naomba uifute."

"Katibu, ulinitumia cheti. Na picha ya cheti. Na nakala ya nakala."

"Vyeti vinakosewa, Fundi. Ifute tu, iwe wazi."

Dada mkubwa alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Wewe! Ulizaliwa mimi nikiwa na kiuno cha kubeba madumu mawili. Nilikuogesha kwenye karai, ukaninyea. Nikuambie na saa?"

"Shikamoo, dada," alisema Katibu kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Marahaba. Kaa hapo hapo ulipo kwenye orodha." Akakata.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Lakini dada yake alikuwa amerudi kwenye kioo, na uso wake haukuwa wa kicheko.

"Mimi ndiye wa kwanza?"

"Wewe."

"Na mama yuko wapi?"

Fundi alirudi kutazama kilele cha orodha. Orodha aliianzia kwa waliokuwa wanapokea simu, waliokuwa na picha, waliokuwa na tarehe. Mama yao hakuwa na chochote kati ya hivyo. Hakumsahau. Hakujua tu amwandikeje, akamweka kando mpaka atakapojua, na hapo kando akambakiza.

"Nitamfanyia ukurasa," alisema kwa sauti ndogo.

"Mfanyie sasa. Nipo."

Akafungua faili jipya. Jina la mama dada yake alilitaja herufi kwa herufi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuliona limeandikwa. Nyumba, wakaandika. Tarehe, wakaacha wazi. Fundi akakiwasha kiolezo, akageuza kioo kwa fahari.

Kileleni alikuwa dada yake. Alitangulia. Chini yake, mama yao. Alitangulia.

"Nimemzaa mama," alisema dada yake.

Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. Wote wawili hawakuwa na tarehe, kwa hiyo programu, kwa kiburi chake kile kile, ilikuwa imerudia siku za mafaili. La dada la Jumanne, la mama la leo. "Shetani wa chuma!" alipiga kelele. "Nimekwambia usijijazie! Nimekwambia kwa maandishi!"

Na hapo ndipo dada yake aliposhindwa. Alianza kwa kutikisika mabega, halafu akakaa juu ya rundo la mashuka yaliyokunjwa vizuri, kitu ambacho asingemruhusu mtu yeyote kukifanya, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Jumatano mtoto wa siku moja," alisema akijifuta kwa ukosi wa shati la jirani, "leo nina binti mkubwa hivi!"

Pasi ikaanza kunuka. Fundi akairukia na kuichomoa.

"Sasa basi," alisema, akirudi kwenye kiti na kuvuta mikono ya shati. "Sitaki tena kuiachia mashine. Kwenye kila ukurasa wa mzee asiye na tarehe naweka kitu kipya, nafasi yake, kwa namba. Namba utazitaja wewe. Kiolezo kitafuata namba zako kwanza, tarehe baadaye. Haya. Nani wa kwanza?"

"Mama, moja," alisema dada yake, na mara moja sauti yake ikawa ya mtu anayesimamia kazi. "Mimi, mbili."

Fundi akaandika. Akawasha. Mama yao akapanda juu, akakaa mahali pake. Wote wawili wakasogeza vichwa karibu na kioo.

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

"Wewe una tarehe. Nilikutunzia. Subiri zamu yako." Akasimama, akaanza kulikunja upya lile rundo alilolikalia, shuka kwa shuka. "Na Jumamosi mniletee gari mapema. Sitaki kuingia ukumbini nyuma ya watoto wa nepi. Suti yako umeshainyoosha?"

"Mke wangu ameinyoosha."

"Ilete hapa," alisema dada yake.